Tulimwandalia baba sherehe ya ushujaa, akatoka ukumbini

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, nina mume na watoto wawili, na ninafanya kazi ya uhasibu katika chama cha kuweka na kukopa hapa Moshi mjini. Kwetu ni Mamba, njia ya Marangu, na huko ndiko waliko wazazi wangu wote wawili. Ninakuandikia kwa sababu tangu mwezi wa 7 nyumba ile imekuwa na ukimya ambao sisi watoto ndio tuliouleta, na hakuna kati yetu anayejua namna ya kuuondoa.

Baba ana miaka 71. Alikuwa mgambo wa kijiji wakati majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera, akachukuliwa mwishoni mwa mwaka 1978 pamoja na vijana wengine wa upande wetu wa mlima, akamwacha mama na kaka yetu mkubwa ambaye alikuwa bado hajaanza hata kukaa. Alirudi mwaka 1980, sikio la kushoto likiwa halisikii tena. Hakubaki jeshini. Alirudi kihambani, akapalilia kahawa, akafuga ng'ombe wawili wa ndani, na kwa hiyo kahawa na hao ng'ombe akatusomesha watoto wanne.

Sikumbuki baba akisimulia vita hata mara moja. Tunachokijua tumekiokota wenyewe: kwamba haketi mahali ambapo mlango uko nyuma yake, kwamba mvua ya mawe ikianza kupiga bati usiku, yeye hutoka na kwenda kukaa kwenye banda la ng'ombe mpaka itulie, na kwamba usingizini hutamka neno "Lukaya", wakati mwingine mara tatu au nne, kisha huamka na kuuliza saa. Nilipokuwa na miaka tisa nilipanda juu ya kiti nikafungua kisanduku chake cha bati kilichokuwa juu ya kabati. Ndani mlikuwa na medali yenye utepe uliopauka, na kijiko cha bati kilichochorwa mpinini kwa ncha ya msumari herufi mbili ambazo si za jina lake. Nilikichukua nikakilia uji. Alinichapa siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote katika maisha yangu, na jioni, bila kusema neno, akaniletea chungwa.

Mwaka huu tuliamua kumshukuru. Tulichangishana, na kaka yetu anayeishi Dar es Salaam ndiye aliyetoa fungu kubwa. Tukakodi ukumbi Himo kwa tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tukaagiza ndafu, keki yenye bendera ya taifa, MC mwenye jina, na fulana 60 zilizoandikwa "Shujaa Wetu" juu ya picha ya baba. Yeye mwenyewe tulimwambia kwamba anakwenda kwenye kipaimara cha mtoto wa binamu. Alipoingia na kuona watu wote wamevaa uso wake vifuani, alisimama mlangoni kwa muda, kisha akakubali kuongozwa mpaka meza kuu.

Mambo yaliharibika MC alipomwita mbele, akampa kipaza sauti na kumwomba awaeleze vijana alijisikiaje alipomuua adui wa kwanza. Watu walipiga makofi. Baba alikaa na kile kipaza sauti mkononi kwa kitambo ambacho kwangu kilikuwa kirefu sana, kisha akasema, "Waliostahili haya wako Kaboya." Akakilaza kipaza sauti mezani kando ya keki, akatoka. Alikataa gari na akakataa bodaboda. Alipanda kwa miguu kutoka Himo mpaka Mamba, akiwa na suti yake, na mama akafika nyumbani kabla yake.

Tangu siku hiyo anatuitikia salamu vizuri na anauliza habari za wajukuu, lakini kisanduku hakipo tena juu ya kabati. Kaka anasema mzee hana shukrani, kwamba tumetenda wema tukalipwa mateke, na anamshinikiza mama amfanye baba awaombe radhi wageni. Mdogo wangu wa kiume anasema vita vilimharibu na tumwache alivyo. Mama hasemi kitu.

Nami sina moyo safi katika jambo hili. Nampenda baba, lakini alikuwa mkali, na tulimwogopa. Isitoshe, kila mwezi wa 12, kabla ya Krismasi, huenda Rombo peke yake akiwa amebeba gunia, analala huko siku moja na kurudi. Hajawahi kutuambia anakwenda kwa nani. Sisi watoto tumekua tukiamini kwamba ana familia nyingine huko, na tunapolitaja hilo mama huondoka jikoni.

Shangazi, mtu asiyetaka kushukuriwa anashukuriwaje? Nimwambie asante, au ninyamaze?

Binti wa Mgambo, Moshi

*

Marahaba binti yangu,

Nianze na MC, kwa kuwa swali lake ndilo lililovunja sherehe, na kwa kuwa ninyi ndio mliomlipa. Kumuuliza mzee mbele ya wakwe na majirani alijisikiaje alipoua ni jambo ambalo hata wenzake aliolala nao porini wasingelithubutu. Sikulaumu wewe peke yako, maana hivi ndivyo tulivyokuwa sote: harusi ina MC, kipaimara kina MC, mtoto akimaliza chekechea kuna MC, na sasa tumeona na vita navyo vipate wa kwake. Tumesahau kwamba yako mambo ambayo mtu huyabeba miaka 40 na zaidi kwa sababu tu hakuna aliyemlazimisha kuyatua mbele ya watu.

Linganisha na namna taifa linavyoiadhimisha siku hiyohiyo mliyoichagua. Pale mnarani huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, shada la maua, na shoka, na hilo shoka huwekwa na kiongozi wa wazee wa Tanzania Legion, yaani askari wa zamani wenyewe. Tarumbeta hupigwa, watu husimama kimya, viongozi wa dini huomba kila mmoja kwa imani yake. Mzee wa vita hapewi kipaza sauti pale ili aeleze alivyojisikia. Hupewa shoka akaliweke mahali pake, akarudi kusimama na wenzake. Waliopanga utaratibu ule walijua jambo ambalo ninyi, kwa upendo wenu wote, hamkulifikiria: kwamba siku ile ni ya waliokufa, na aliye hai huja pale kama mfiwa. Ninyi mlimfanya mfiwa kuwa bwana harusi.

Sasa nije kwenye lile neno la usingizini, ambalo umeliandika kana kwamba ni sauti tu, na yaonekana katika miaka yote hiyo hakuna aliyelitafuta kwenye ramani. Lukaya ni mji mdogo nchini Uganda, katika barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, penye kinamasi kipana. Jeshi letu lilikuwa limeuteka mji wa Masaka mwezi Februari 1979 na lilikuwa likisonga mbele. Tarehe 10 Machi, Brigedi ya 201, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa mgambo, watu walioshika jembe miezi michache tu nyuma yake, ilishambuliwa pale kwa makombora na kikosi cha Walibya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin. Wengi wao hawakuwa wamewahi kusikia mlio wa namna ile. Safu ilivunjika, watu wakakimbilia porini na kinamasini, kila mmoja kwa njia yake. Usiku ule Brigedi ya 208 ilizungushwa ili itokee nyuma ya Walibya, 201 ikakusanywa upya, na alfajiri ya tarehe 11 wakashambulia kutoka pande mbili mpaka Walibya wakashindwa na kukimbia. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ikaanguka.

Angalia basi jambo hili lilivyo. Mtu aliyekuwa Lukaya katika kundi lile alikimbia na akarudi, yote mawili, kati ya jua moja na jingine. Sisi tunaosherehekea tunakumbuka kurudi, kwa sababu kurudi ndiko kulikoshinda vita. Yeye akilala, huenda anachokiona ni kule kukimbia: nani alikuwa upande wake wa kulia walipoanza kukimbia, na nani hakuwapo walipokusanywa tena. Kwangu mimi, kijana wa miaka 24 aliyetoka mgombani, akavunjwa na makombora jioni, kisha akarudi palepale gizani kwa miguu yake mwenyewe, amefanya jambo kubwa kuliko asiyewahi kutishika. Lakini hiyo ni hukumu yangu mimi ninayeandika nikiwa na kikombe cha chai mezani. Kwake yeye, neno "shujaa" lililochapwa kwenye fulana 60 huenda lilisomeka kama swali.

Mvua ya mawe juu ya bati sidhani kama nina haja ya kukufafanulia.

Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alipelekwa Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, akarudi na koti zito la jeshi alilolivaa kila asubuhi ya baridi hapa Arusha mpaka likawa na viraka vingi kuliko koti lenyewe. Watoto tulimwomba hadithi za Wajapani, naye alitusimulia habari za mvua na matope na nyumbu waliobeba mizigo, siku zote nyumbu, mpaka tukaamini kwamba alipigana na nyumbu. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akitupa kile ambacho mtoto anaweza kukipokea. Laiti ningemuuliza majina ya wale nyumbu, maana nina hakika walikuwa nayo.

Nasema hivyo kwa sababu ya kijiko. Umekiandika kwa sentensi mbili, ukapita kwenda kwenye ukumbi na keki, lakini mimi nimekisoma mara nyingi zaidi kuliko barua yako yote. Kijiko kina herufi za mtu mwingine. Baba yako amekitunza pamoja na medali yake, na siku mtoto wake alipokitia kwenye uji alikasirika kuliko siku nyingine zote, kisha akatafuta chungwa. Ukumbini, alipolazimishwa kusema, hakusema juu ya nafsi yake. Aliwataja walioko Kaboya, kule wilayani Muleba, yalipo makaburi ya mashujaa wa vita hivyo, mamia ya askari wetu waliozikwa kwa safu. Na kila mwezi wa 12 mtu huyuhuyu hubeba gunia kwenda Rombo, peke yake, na hasemi anakwenda kwa nani.

Huenda nikawa nimekosea, na ikiwa nimekosea utanisamehe. Lakini mwanamume mwenye nyumba ndogo haendi huko mara moja kwa mwaka, kwa tarehe inayojulikana na watoto wote, na gunia begani. Anayekwenda hivyo anakwenda kwa mama wa mtu, au kwa mjane wa mtu, au kwenye kaburi lisilo na mwili. Ulisema alichukuliwa pamoja na vijana wengine wa upande wenu wa mlima. Nakuomba umuulize mama yako, mkiwa wawili tu, msiwe mnatafuta ushahidi, bali umuulize kwa sauti ya mtu aliye tayari kuambiwa kwamba amemfikiria baba yake vibaya kwa miaka mingi. Nadhani mama haondoki jikoni kwa sababu ya aibu ya mumewe. Nadhani anaondoka kwa sababu mliyoyasema ni mabaya na hakupewa ruhusa ya kuwajibu.

Na kwa kuwa tumemtaja mama, nina neno kuhusu zile fulana. Ziliandikwa "Shujaa Wetu", kwa umoja, na picha ilikuwa moja. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo, mama yako alikuwa na mtoto mchanga, kihamba cha kupalilia na mume ambaye alikuwa anaondoka. Miezi ilipita bila yeye kujua kama ni mke au mjane. Vita vilipokwisha, Mwalimu aliomba tufunge mikanda miezi 18, na sisi tuliokuwapo tunakumbuka kwamba miezi ile 18 ilikuwa mirefu mno, ya kupanga foleni ya sukari na ya sabuni, ya kufulia majani ya mpapai, na ya kuvaa kitenge kimoja mpaka kionyeshe upande wa pili. Yeye ndiye aliyempokea mwanamume aliyerudi na sikio moja, na ndiye aliyelala kando ya lile neno la usingizini kila usiku tangu hapo. Mwezi Machi 1979, wiki mbili baada ya Lukaya, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapohapo mjini kwenu Moshi, wakaunda umoja wao na kumchagua Yusuf Lule kuwa kiongozi wa nchi ambayo baba yako alikuwa akiitembea kwa miguu. Muulize mama kama aliyaona magari ya wajumbe wale wakati akishuka na ndizi zake sokoni. Wanawake wa umri wake wana kumbukumbu za vita ambazo hakuna MC aliyewahi kuzitafuta, na tofauti na waume zao, wengi wao wako tayari kuzisimulia, hawakuulizwa tu.

Umesema huna moyo safi. Hilo lisikutishe. Kumshukuru baba kwa alichokibeba hakukulazimishi kusema kwamba fimbo ile ilikuwa haki. Mtoto wa miaka tisa aliyekula uji kwa kijiko hakuwa na kosa, na mtu mzima aliyempiga alikosa, hata kama leo tunaona kilichomsukuma. Unaweza kuyashika yote mawili, na wala usisubiri hasira iishe ndipo ushukuru, kwa maana mzee ana miaka 71. Ila usiyalete yote mawili siku moja.

Kwa upande wa kaka yako nina ushauri ambao hataupenda. Wageni hawajakosewa, walikula ndafu. Aliyekosewa ni mtu aliyedanganywa kwamba anakwenda kwenye kipaimara, akavikwa jina asilolitaka na akaulizwa swali la fedheha, kisha wanawe wa kuwazaa wakadai awaombe radhi waliopiga makofi. Ninyi ni Wachagga, na sihitaji kuwafundisha kazi ya isale, jani la kuombea msamaha. Chukueni isale, mwende watoto wote wanne, kaka wa Dar apande basi kama watu wengine, mkampelekee baba jioni mama akiwapo, mseme kwa maneno machache kwamba mlimkosea kwa kumfanyia jambo lake bila yeye. Msieleze mlitumia kiasi gani. Msilete keki. Kaka akikataa kuja, nendeni watatu, na mchango wake wa ukumbi mumrudishie polepole, kwa sababu ninahisi hapo ndipo panapouma.

Mdogo wako naye anakosea anaposema vita vilimharibu na aachwe. Mtu aliyeharibika hasomeshi watoto wanne kwa kahawa. Kumwacha alivyo ni namna nyingine ya kumtupa. Lile sikio lilistahili kupelekwa kwa daktari zamani sana, na halijachelewa mno: KCMC ipo hapo mjini kwenu na ina kliniki ya masikio, pua na koo, na siku hizi vipo vifaa vidogo vya kusaidia kusikia ambavyo mwaka 1980 hakuna aliyevijua huku kwetu. Mnapokwenda huko, mwambieni daktari pia habari za usingizi na za banda la ng'ombe. Ni maumivu ambayo wauguzi wa afya ya akili wanayajua vizuri, yana majina na yana matibabu, na mzee hahitaji kusimulia vita ili atibiwe usingizi. Akisema hataki, muanze na sikio tu. Kumpeleka mzee kliniki, kukaa naye kwenye benchi kwa saa tatu mkisubiri kuitwa, ukimshikia kofia yake, ni shukrani ambayo hawezi kuikimbia kwa miguu.

Kisha iko safari. Sijui kama baba yako amewahi kufika Kaboya tangu wenzake walipozikwa, lakini muulize, na usimuulize kama mshangao wa kupangiwa. Mwambie, "Baba, ukitaka kwenda Kaboya, mimi nitakupeleka," basi, umwachie. Anaweza kukaa na maneno hayo miezi sita kabla ya kukujibu. Akikubali, ni mbali: kutoka Moshi mtapita Arusha, Babati, Singida, Nzega, Kahama na Biharamulo kabla ya kuingia Muleba, na kwa umri wake mpange kulala njiani usiku mmoja au miwili. Mahali pale panaangaliwa na jeshi, kwa hiyo ulizieni utaratibu wa kuingia kabla ya kufunga safari. Nendeni wachache. Mkifika, mwache atangulie, nawe ubaki nyuma na chupa ya chai. Akitafuta jina, msaidie kusoma, kwa maana macho nayo yamezeeka. Akilipata, ulisome kwa sauti mara moja, kisha nyamaza. Kama kijiko kitakuwa mfukoni mwake, hutashangaa, na hutauliza.

Mkishaambiwa habari za Rombo, na ikiwa ni kama ninavyodhani, usiende huko bila yeye. Subiri mwezi wa 12. Mwambie gunia ni zito kwa mtu wa miaka 71 na kwamba utalibeba wewe mpaka getini, na usiingie ndani mpaka uitwe.

Uliniuliza kama umwambie asante au unyamaze. Mwambie, lakini mara moja tu, na usichague siku. Iwe Jumamosi ya kawaida, mmeketi nje mnachambua maharage, mikono yenu ikiwa na kazi na macho yake yakiwa kwenye ungo. Keti upande wa sikio linalosikia. Mwambie kwa Kichagga, lile neno "aika" mnalolisema kwenu hata kwa aliyekupa maji ya kunawa, utaje Lukaya ili ajue unaijua, halafu endelea kuchambua. Asipojibu, usirudie. Akianza kusema juu ya kitu kingine kabisa, juu ya mvua au juu ya ng'ombe aliyekaribia kuzaa, msikilize huyo ng'ombe mpaka mwisho.